Noti moja kwa kila mstari: jinsi ya kujenga wimbo wa sinthpop kwa njia ya Depeche Mode

Mwaka 1980, vijana wanne wa Basildon, mji wa mkoa wa Essex nchini Uingereza, waliounda bendi ya Depeche Mode, walipanda jukwaani na sinthesaiza (vinanda vya umeme) tatu ndogo. Vince Clarke alikuwa na Kawai 100FS, Martin Gore na Yamaha CS-5, Andy Fletcher na Moog Prodigy. Dave Gahan aliimba. Vinanda vyote vitatu vilikuwa na kasoro moja: kila kimoja kilitoa noti moja tu kwa wakati mmoja. Kodi, yaani noti tatu zinazopigwa pamoja, haikupigika. Kwa hiyo waligawana: huyu besi, huyu mstari wa kati, huyu melodi.

Mgawanyo huo ndio uti wa mgongo wa muziki wa Depeche Mode, toka vilabu vya Essex hadi uwanja wa Rose Bowl, Pasadena, walipofunga ziara ya maonyesho 101 tarehe 18 Juni 1988. Anayeanza sinthpop, yaani pop ya sinthesaiza, kwa kubonyeza vidole vitatu kwenye sauti nene ya kinanda atapata kitu kizuri cha kusindikiza kwaya, lakini hatapata sauti hii. Ukitoka na jambo moja tu hapa, liwe hilo: mstari mmoja, noti moja, sauti moja.

Unachohitaji

Kompyuta ya kawaida, simu yenye kinasa sauti, na programu mbili za bure: LMMS toleo la 1.2 (ya kutunga muziki) na Audacity (ya kuhariri sauti). Tumia earphone za waya. Za bluetooth huchelewesha sauti, na utajikuta unasogeza noti ambazo zilikuwa mahali pake tangu mwanzo. Ujue pia mapema kwamba LMMS hairekodi maikrofoni wala haifungui programu-jalizi za VST3 (ala za ziada). Hilo lisikusumbue: kurekodi utafanya kwa simu na Audacity, na sinthesaiza ya TripleOscillator iliyomo ndani ya LMMS inatosha kwa sauti zote zilizoelezwa hapa.

Kwanza, vunja kodi

Weka kasi ya mapigo 120 kwa dakika. Chukua kodi nne, bari moja (mapigo manne) kila moja: D maina, B flati meja, F meja, C meja. Sasa zigawe katika traki (track) tatu tofauti za LMMS:

Besi: D, B flati, F, C.
Kati: F, F, A, E.
Juu: A, D, C, G.

Hesabu noti za kila bari, utaona kodi zote zimekamilika ingawa hakuna aliyebonyeza noti mbili. Kazi inayobaki ni mdundo, na hapa wengi hukosea. Wakiipa mistari yote mitatu mdundo uleule, kodi inarudi kuwa bonge moja. Besi ipige noti nane kwa bari, noti ya kwanza chini, ya pili oktavu juu, hivyo hivyo hadi mwisho, na kila noti ishike nusu tu ya nafasi yake. Mstari wa kati upige katikati ya mapigo peke yake. Wa juu uwe na noti tatu au nne ndefu, uache bari ya nne ikiwa na pengo. Albamu ya kwanza, Speak & Spell ya 1981, imejaa ufundi huu; isikilize mara tatu, kila mara ukifuata mstari mmoja tu kwa sikio.

Sauti ya besi

Fungua TripleOscillator. Wimbi la kwanza liwe msumeno, la pili mraba, la tatu lizime kwa kushusha sauti yake hadi sifuri. LMMS huliweka wimbi la pili oktavu moja chini bila kukuuliza. Lirudishe kwenye 0, kisha lipandishe senti 5 (senti ni sehemu moja ya mia ya nusutoni) ili mawimbi mawili yasuguane kidogo. Ukizidisha senti 15, besi itaanza kuyumba kama kaseti iliyolegea.

Nenda kwenye ukurasa wa ENV/LFO, washa kichujio cha kupitisha sauti za chini, weka masafa ya kukata (cutoff) karibu na 600 Hz na mwangwi wa kichujio (resonance) uongezwe kidogo tu. Kwenye ukurasa wa sauti (volume), ATT (muda wa kupanda) iwe sifuri, DEC (muda wa kushuka) fupi, SUST (kiwango kinachobaki) chini ya nusu, REL (muda wa kufifia) fupi. Halafu pandisha AMT (kiasi cha athari ya vitufe hivyo) hadi mwisho. Kitufe hiki kikibaki sifuri, vingine vyote havifanyi kazi, na ndiyo sababu watu wengi huzungusha vitufe vya LMMS bila kusikia tofauti. Fanya vivyo hivyo kwenye ukurasa wa kukata masafa (cutoff), AMT ikiwa karibu 0.35: kila noti itafunguka kwa ukali kisha ijifunge. Kwa kasi ya 120, noti moja ya besi ina nafasi ya milisekunde 250, na tumesema ishike nusu yake, yaani 125. Mkia wa sauti ukivuka hapo, besi inakuwa uji.

Ngoma zisikuchukulie muda. Kiki (ngoma nzito) kila pigo, sneya (ngoma kali) pigo la pili na la nne, haihati (matoazi) nane kwa bari. Sneya itengeneze kwa wimbi la kelele linalokufa ndani ya milisekunde 150. Usizisogeze ili zisikike kama mtu anapiga. Ukavu huo wa mashine ni sehemu ya uzuri wake.

Kutoka kwenye kinanda kwenda mtaani

Clarke aliondoka mwishoni mwa 1981, akaunda Yazoo na baadaye Erasure. Gore akabeba uandishi wa nyimbo, na mwaka 1982 akaingia Alan Wilder, mpiga piano aliyesomea muziki wa kiklasiki. Mabadiliko makubwa yalikuja na Construction Time Again ya 1983. Wakiwa na Daniel Miller, mwenye lebo ya Mute, na fundi wa sauti Gareth Jones, walizunguka Shoreditch, London, wakigonga mabati na mabomba kwenye maeneo ya ujenzi na kurekodi kila mlio. Sampla (kifaa cha kunasa mlio na kuupiga kama noti) ya Emulator waliyotumia ilihifadhi takriban sekunde 2 tu, kwa biti 8. Ndiyo maana sampuli za enzi hiyo ni fupi na zina ukwaru, na ndiyo maana za kwako zikiwa ndefu na safi mno hazikai vizuri kwenye wimbo.

Mfano mzuri wa kujifunzia ni Stripped ya 1986, ambayo mdundo wake umejengwa juu ya injini ya pikipiki iliyopunguzwa mwendo. Bodaboda zipo kila kona, basi fanya hivi. Pikipiki isimame ikiwa imewashwa, gia huru. Shika simu mita moja kando ya bomba la moshi, pasipo moshi kuipuliza, maana upepo kwenye maikrofoni hautoki tena. Rekodi sekunde 20. Kama kinasa chako kina sehemu ya kuzima urekebishaji wa sauti wa kujiendesha, uuzime. La sivyo simu itabana kila mlipuko na kupandisha kelele za nyuma.

Ingiza faili kwenye Audacity, kuza picha ya wimbi, na uhesabu vilele ndani ya sekunde 6. Tuseme ni 70: hiyo ni milipuko 700 kwa dakika. Wimbo wako ukiwa wa mapigo 100, noti za robo-pigo ni 400 kwa dakika. Gawa 400 kwa 700, unapata 0.571. Hiyo ndiyo namba ya kuandika kwenye kipengele cha kubadili kasi, kile kinachoshusha na sauti pamoja. Injini sasa inanguruma chini zaidi, na kila mlipuko unaangukia kwenye mdundo. Kata bari moja kuanzia kwenye kilele chenyewe, isibaki hata nafasi ndogo ya kimya mbele yake. Milisekunde 20 za kimya zinatosha kuufanya wimbo mzima uonekane unaburuta miguu.

Kwa sufuria, mlango wa bati au nondo, sogea sentimita 50 na vilele vikae kati ya -12 na -6 dB. Mlio uliopasuka wakati wa kurekodi hautengenezeki. Kisha ushushe nusutoni 5 hadi 12: kifuniko cha sufuria kinageuka kengele kubwa. Sauti iliyotumika kwenye wimbo mmoja isirudiwe kwenye unaofuata. Depeche Mode walilishika hilo kama sheria miaka ile, na ndilo lililowatenga na bendi nyingi zilizotumia sauti za kiwandani.

Chumba ni ala

Berlin, kwenye studio za Hansa, Jones alizipitisha sauti za sinthesaiza kwenye spika kubwa ndani ya ukumbi, akarekodi upya jinsi ukumbi ulivyojibu. Darasa tupu au kanisa siku ya kazi litakupa kitu hicho hicho. Weka spika upande mmoja, simu mita 5 mbali, cheza sneya na sampuli za chuma peke yake. Besi usiiguse: masafa ya chini hujikusanya pembeni mwa kuta na yatafunika kila kitu. Sauti husafiri mita 340 hivi kwa sekunde, kwa hiyo mita 5 huchelewesha karibu milisekunde 15. Rudisha rekodi mpya nyuma kiasi hicho, kisha ichanganye chini ya sauti kavu, taratibu, mpaka uanze kuisikia, halafu punguza kidogo.

Jaribu kasi nyingine kabla ya kuutupa wimbo

Enjoy the Silence ilifika studio ikiwa wimbo wa polepole, sauti ya Gore na hamoniamu, ala ambayo wapenzi wa taarab wa pwani wanaijua vizuri. Wilder ndiye aliyependekeza iongezwe kasi. Yeye na prodyuza Flood wakaujengea mdundo, Gore akaongeza mstari wa gitaa, na 1990 ukafika nafasi ya 6 Uingereza na ya 8 Marekani. Wakati wa albamu hiyo, Violator, Gore alikuwa ameombwa alete maonjo (demo) mepesi, bila kila kitu kupangwa nyumbani. Fanya hivyo: rekodi sauti na mstari mmoja tu, jaribu kwa mapigo 80, 100 na 113. Kwa 113, mwangwi wa kurudia unaoangukia robo tatu ya pigo ni milisekunde 398.

Waimbaji wawili

Sikiliza Everything Counts ya 1983: Gahan anabeba beti kwa sauti nzito, Gore anaingia kwenye kiitikio kwa sauti ya juu. Ukiwa na mtu mmoja tu, bado unaweza: beti ziimbwe oktavu ya chini, mdomo sentimita 15 toka maikrofoni, mara moja tu. Kiitikio kiimbwe mara mbili, sentimita 30, rekodi moja kushoto na nyingine kulia. Ondoa kila kilicho chini ya 100 Hz kwenye sauti za waimbaji. Besi na kiki vibaki katikati, mstari wa kati uende kushoto kiasi cha asilimia 35, wa juu uende kulia kiasi hicho hicho. Mwimbaji akianza, mstari wa juu unyamaze. Utarudi kwenye pengo baada ya sentensi yake.