Jinsi ya kusaka spishi nguzo kwa mtandao wa chakula, kwa mfano wa Swagaswaga

Spishi nguzo ni ile ambayo athari yake porini inazidi sana wingi wake. Tembo asikubabaishe kwa ukubwa wake. Kuanza, programu ya majedwali kama Excel inatosha.

Hatua ya 1: Weka mpaka. Chukua kipande cha Pori la Akiba Swagaswaga, mkoani Dodoma, Tanzania, uorodheshe mimea, wadudu na wanyama. Ukisahau mchwa, muhanga atakufa njaa kwenye jedwali lako kabla hujaanza.

Hatua ya 2: Andika nani anamla nani, huo ndio mtandao wa chakula, kwa safuwima mbili: mlaji, mliwa. Chui, digidigi. Muhanga, mchwa. Dodoma mvua ni ya msimu mmoja, takribani Desemba hadi Aprili, kwa hiyo tengeneza jedwali la masika na la kiangazi. Mkuyu hujificha kwenye jedwali la mwaka mzima. Kiangazi, matunda mengine yakiadimika, popo, tumbili na ndege huuegemea.

Hatua ya 3: Futa spishi moja. Mlaji aliyebaki bila chakula chochote naye mfute, endelea mpaka ufutaji ukome. Hesabu waliopotea, rudisha jedwali, jaribu spishi inayofuata.

Hatua ya 4: Gawanya hasara kwa wingi. Tuseme una spishi 20. Nyasi ni asilimia 40 ya uzito wa viumbe wote, na zikitoka zinapotea spishi 8 kati ya 20, yaani 0.4: 0.4 gawanya kwa 0.4 ni 1. Mkuyu ni asilimia 2, zinapotea 4, yaani 0.2: 0.2 gawanya kwa 0.02 ni 10. Bila kugawanya, nyasi zingeshinda kila mara.

Hatua ya 5 usiiruke. Zoezi hili linaona njaa tu. Mfute chui: hakuna anayekosa chakula, anapata sifuri. Lakini Robert Paine, aliyeanzisha dhana hii mwaka 1969, alikuwa amemwondoa mlaji wa juu, kiti cha pweza, kwenye miamba ya Washington, Marekani. Kome wakatanda, spishi zikashuka kutoka 15 hadi 8. Basi kwa kila mwindaji jiulize: anamzuia nani asitawale? Ukitaka tarakimu, hamia Ecopath na Ecosim, programu za kuiga mtandao wa chakula kwa kompyuta, ila uwe na takwimu za uzito na ulaji wa kila kundi.

Hatua ya 6: Ongeza safuwima ya makazi. Ngiri na nungunungu hulala kwenye mashimo ya muhanga, jambo ambalo safuwima za chakula hazilioni. Rudia hatua ya 3 na ya 4, safari hii ukimfuta pia aliyekosa makazi. Alama ya muhanga ikipanda, omba kibali TAWA (Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori Tanzania), kategeshe kamera mashimoni. Yeye ni mnyama wa usiku.