Dizeli yenye mafuta ya taa inamaliza pampu
Pampu ya dizeli ya rotari (inayogawa dizeli kwa kuzunguka) na ya komoni reli (mfumo wa bomba moja la presha kubwa linalolisha silinda zote) kwa kawaida hazilainishwi na oili ya injini. Vyuma vyake vinategemea dizeli inayopita ndani. Ukiuziwa dizeli iliyochakachuliwa kwa mafuta ya taa, gari litawaka na kutembea, lakini vyuma vinasagana. Komoni reli ndiyo inaumia zaidi, maana presha inaweza kupita baa 1,600, na unga wa chuma unasafiri hadi kwenye nozeli zote, yaani vinyunyizio vya dizeli kwenye injini. Filta haikuokoi: unga huo unatokea baada ya dizeli kupita filta, ndani ya pampu. Tafadhali, achaneni na dizeli ya madumu ya barabarani. Gari likiwa zito kuwaka injini ikiwa ya moto, fundi afungue valvu ya pampu aangalie unga unaong'aa kabla hujanunua nozeli mpya.