Kabla hujailaumu okestra ya Prague: jinsi ya kulinganisha muziki wa filamu wa awali na uliorekodiwa upya

Wiki mbili zilizopita mpwa wangu alinipigia simu akiwa amewaka. Alikuwa amelipia albamu ya muziki wa Conan the Barbarian, filamu ya 1982, akavaa hedifoni, na kabla kipande cha kwanza hakijaisha akaamua kwamba ameuziwa mbuzi kwenye gunia.

"Mjomba, hii si ile. Wanapiga kama wamechoka, na sauti yote imeshuka."

Nilimwacha amalize. Miaka kadhaa nyuma niliandika maneno hayohayo mbele ya watu wanaojua kuliko mimi, kisha nikayafuta kimya kimya. Usiku ule tulikaa, yeye kwake mimi kwangu, tukapitia hatua hizi moja moja hadi saa tano. Nimeziweka hapa ili nisizirudie tena kwa simu.

Unahitaji kompyuta, programu ya kuhariri sauti ya Audacity ambayo ni ya bure, na hedifoni za kufunika sikio lote. Ukisikiliza kwenye simu yenye kitufe cha kuongeza besi, kizime au acha kusoma hapa. Sitanii.

Hatua ya 1: Soma jina la okestra, achana na jalada

Jalada lina upanga, moto na jina la filamu kwa herufi kubwa. Habari yenyewe iko kwenye maandishi madogo: nani amepiga, nani ameongoza, mwaka gani.

Kwa Conan, rekodi ya awali ilifanyika Roma mwaka 1981. Mtunzi Basil Poledouris aliongoza mwenyewe, akiwa na okestra ya watu 90 hivi na kwaya ya watu 24. Aliyoinunua mpwa wangu ni ya City of Prague Philharmonic na kwaya yake, chini ya mwongozaji Nic Raine, iliyotengenezwa na kampuni ya Tadlow na kutoka mwaka 2010. Ni kazi halali na ya heshima: wamepiga muziki wa filamu nzima, diski mbili.

Watu huuliza kwa nini mtu ahangaike kupiga upya kitu ambacho kipo. Sababu ni kadhaa. Kuna rekodi za zamani ambazo sauti yake ni mbovu au tepu zake zimepotea. Kuna muziki ambao hata manota yake hayapo; karibu na 1970 studio ya MGM ilitupa shehena ya manota ya okestra, na leo anayetaka kuyapiga hukaa akasikiliza filamu na kuyaandika upya kwa sikio. Na kwa muziki uliorekodiwa Hollywood, kwa miaka mingi masharti ya chama cha wanamuziki cha Marekani yalidai wapigaji walipwe tena rekodi ileile ikitolewa kama albamu. Ikawa rahisi kwenda kupiga upya Prague, Moscow, London au Glasgow. Ndiyo maana muziki wa filamu ya The 7th Voyage of Sinbad, uliotungwa na Bernard Herrmann, utaukuta umepigwa na Royal Scottish National Orchestra chini ya John Debney mwaka 1998, na wa King Kong ya 1933 umepigwa na Moscow Symphony chini ya William Stromberg, baada ya John Morgan kuyaunda upya manota.

Kwa hiyo "iliyorekodiwa upya" haina maana ya "feki". Bi Kidude aliimba nyimbo za Siti binti Saad na hakuna aliyemwita tapeli. Feki zipo, lakini ni nyingine kabisa: kinanda cha umeme kinachojifanya okestra, na kwenye maelezo hakuna jina la mwongozaji hata mmoja. Hizo zikimbie.

Hatua ya 2: Tafuta chanzo safi

CD au faili la FLAC (faili la sauti lisilopunguza ubora) kwa rekodi zote mbili, ya awali na ya upya. Video za mtandaoni hapana. Tumemaliza.

Hatua ya 3: Hakikisha kasi ya chanzo chako ni ya kweli

Hapa ndipo nilipoteza Jumamosi mbili, kwa hiyo nitakaa.

Albamu ya Conan iliyotoka 1982 haikubeba muziki wote wa filamu. Rekodi ya Roma ikiwa kamili ilitolewa na kampuni ya Intrada mwaka 2012. Mimi nilianza kabla ya hapo, kwa hiyo kila kipande ambacho hakikuwemo kwenye albamu ya zamani nilikichota kwenye DVD ya filamu. Nikaweka sauti ya DVD juu, sauti ya Prague chini, nikabonyeza. Prague ilichelewa. Sekunde moja, mbili, tano. Halafu nikaenda kwenye kinanda kutafuta ufunguo: Prague ilikaa vizuri kwenye vitufe, ila ya DVD haikukaa popote. Iliangukia kati ya kitufe na kitufe, juu ya Prague kwa zaidi ya nusu ya nusutoni (nusutoni ni hatua ya kitufe kimoja hadi kinachofuata). Nikaandika kwa kujiamini kwamba Wacheki wameshusha sauti na kupunguza mwendo ili wapumzike.

Kosa lilikuwa kwenye DVD. Filamu ya sinema hupigwa picha 24 kwa sekunde. Mfumo wa PAL, ambao ndio uliokuwa wa televisheni huku kwetu Afrika Mashariki na sehemu kubwa ya Ulaya, huonyesha picha 25 kwa sekunde. Njia ya kawaida ya kuihamisha filamu kwenda PAL ni kuikimbiza tu: picha 24 zinapita kwa kasi ya 25. Filamu nzima inakwenda haraka kwa zaidi kidogo ya asilimia 4, na sauti inapanda kwa takriban asilimia 70 ya nusutoni. Filamu ya dakika 120 inaisha kwa dakika 115 na sekunde 12. Tumekua tukiangalia filamu hivyo, kanda za VHS, DVD, hata televisheni, na masikio yetu yameuzoea mwendo ambao mtunzi hakuuweka. Mpwa wangu aliipenda Conan kwenye diski ya baba yake. Kwake yeye, kasi ya kweli ndiyo iliyosikika kama uchovu.

Namna ya kupima. Usitumie urefu wa filamu nzima, kwa sababu filamu moja huwa na matoleo tofauti yaliyokatwa tofauti. Hilo nalo lilinizungusha. Chagua onyesho moja, anza kuhesabu picha inapobadilika, acha kuhesabu inapobadilika mahali pengine unapopakumbuka. Fanya hivyo kwenye DVD, kisha kwenye Blu-ray. Blu-ray ya filamu kwa kawaida ni picha 24, haina ugonjwa huu. Onyesho la sekunde 100 kwenye Blu-ray likitoka sekunde 96 kwenye DVD, umeshampata mwizi. Tofauti ikiwa ndogo kuliko kosa la kidole chako kwenye saa, PAL haihusiki.

Namna ya kurekebisha. Fungua sauti ya DVD kwenye Audacity, chagua yote, nenda kwenye Effect, tafuta Change Speed (kwenye matoleo mapya imeandikwa Change Speed and Pitch). Andika -4.000 kwenye asilimia, au 0.960 kwenye kizidisho. Usichukue Change Tempo, ambayo iko jirani: hiyo inapunguza mwendo na kuacha sauti palepale juu. Mimi niliichukua mara ya kwanza. Mwendo ukawa sawa na Prague, sauti bado ikapishana, nikazidi kuamini kwamba Wacheki ndio wenye makosa. Hiyo ilikuwa Jumamosi ya pili.

Sasa tahadhari, maana kuna diski zinazokataa kanuni hii. Baadhi ya watengenezaji wa DVD za PAL huishusha sauti irudi mahali pake na kuacha mwendo tu ukiwa wa kasi. Kwenye diski ya namna hiyo Change Tempo ndiyo sahihi, na Change Speed itakuharibia. Ndiyo maana pima vitu viwili kila mara, mwendo kwa saa na sauti kwa kinanda, wala usidhani kimoja kitakuambia kingine.

Na usitegemee kwamba baada ya marekebisho sauti zitafanana kama pacha. Okestra nyingi za Ulaya huweka A, noti ya kupatanishia ala, kwenye herzi 442 au 443 badala ya 440. Kutoka 440 hadi 443 ni kama asilimia 12 tu ya nusutoni, tofauti ambayo sikio la mwanakwaya hulisumbua kidogo na la mtu wa kawaida halisikii. Ukiona tofauti ndogo kama hiyo, iache. Ukiona karibu asilimia 70, hiyo ni PAL, usibishane.

Tulipofika hapa mpwa wangu alinyamaza kidogo, kisha akauliza kama Sinbad yake ya utotoni nayo ilikuwa inakimbia. Ilikuwa inakimbia.

Hatua ya 4: Punguza faida za kisasa

Filamu ya Conan ilitolewa na sauti ya mono. Prague ni stirio, pana, kila kitu kinang'aa. Ukizilinganisha hivyo unalinganisha maikrofoni na miaka, hujafika kwa wapigaji. Geuza zote mbili ziwe mono kwanza. Kwenye Audacity iko kwenye orodha ya Tracks. Baada ya hapo, na si kabla, sawazisha kiwango cha sauti kwa Loudness Normalization, LUFS -23 kwa zote (LUFS ni kipimo cha ukubwa wa sauti). Ukisawazisha kabla ya kugeuza mono utalazimika kurudia, kwa sababu kugeuza kunabadilisha kiwango.

Usiruke hatua hii ukidhani ni mapambo. Sikio la binadamu huipenda yenye sauti kubwa hata ikiwa mbaya, na tofauti inayoleta upendeleo huo ni ndogo kiasi kwamba huitambui kama tofauti ya ukubwa. Unaisikia kama "ubora".

Kata vipande vya sekunde 20 hadi 30. Okestra mbili haziendi sambamba kwa dakika sita, hata siku moja.

Hatua ya 5: Sikiliza bila kujua

Mwite mtoto akae kwenye kompyuta, abadilishe apendavyo, wewe geukia ukuta. Zipo programu za kufanya hivi. Mtoto ni bora. Hana upande na anafurahia ukikosea.

Hatua ya 6: Sikiliza nini

Kwaya kwanza, hasa kama wewe umeimba. Maneno ya Conan ni Kilatini, na Poledouris alijali zaidi jinsi maneno yanavyosikika kuliko maana yake. Kwa hiyo matamshi ni sehemu ya muziki wenyewe. Katika kipande cha wapanda farasi, Waitalia wa Roma wanakitamka Kilatini kama watu wanaokemea jirani. Kwaya ya Prague inakiimba kama watu wa kanisani. Mimi nawapa Roma hapo, bila kusita.

Halafu ala za shaba na ngoma. Hapa nawapa Prague. Kwenye filamu zinasongwa na kelele za panga na kwato, na mono inazibana pamoja. Kwenye rekodi mpya nilisikia kwa mara ya kwanza kwamba chini ya ule mlio mkubwa kuna sauti nyingine inayojibu.

Usikimbilie kusema "wameongeza". Wahariri wa filamu hukata muziki ili ulingane na picha: baa (vipimo vya mapigo ya muziki) nne hapa, nane pale. Okestra inayopiga upya husoma manota ya mtunzi, ambamo baa hizo zipo. Mara nyingi ulichokiona kimeongezwa ndicho kilichoondolewa mwanzoni.

Na kama unadhani mtunzi akiongoza mwenyewe ndiyo basi, hakuna mjadala, msikilize Herrmann. Mwaka 1974 Decca ilitoa rekodi aliyoiongoza akiwa na National Philharmonic ya London, yenye Sinbad na Journey to the Center of the Earth. Sauti yake ni ya kifahari, lakini mwendo ni wa polepole kuliko kwenye filamu, na safari hii PAL haihusiki. Ukitaka Herrmann wa kwenye filamu, huenda mgeni akakufikisha karibu zaidi kuliko mwenyewe. Ijaribu pia Jason and the Argonauts, Sinfonia of London chini ya Bruce Broughton, iliyotolewa na Intrada mwaka 1999. Herrmann hakuweka ala za nyuzi za kupigwa kwa upinde kwenye muziki huo, hata fidla moja, kwa hiyo hakuna zulia la kufichia makosa ya shaba. Ni kipimo kikali kwa okestra na kwa hedifoni zako pia.

Hatua ya 7: Andika majina ya mafaili vizuri

Tumia MusicBrainz Picard, programu inayojaza majina na maelezo ya mafaili ya muziki, kisha rekebisha kwa mkono. Mwaka wa filamu na mwaka wa rekodi ni vitu viwili. Programu nyingi zina nafasi ya mmoja tu na huweka wa filamu, ndiyo maana watu wanapotea. Mimi naandika hivi kwenye jina la albamu: "Conan – Roma 1981" na "Conan – Prague 2010". Zile nilizozichota kwenye DVD na kuzirekebisha naziongezea "PAL -4" mwishoni, maana miezi sita baadaye sitakumbuka ni ipi niliyoigusa, na nikiipunguza mara mbili nitarudi kuwalaumu Wacheki upya.

Mpwa wangu hakurudisha albamu. Ila ile diski ya baba yake hataki niirekebishe.