Kutafuta faili za ofisi kwa haraka: weka faharasa kwenye seva, si kwenye kila kompyuta

Ofisi nyingi ninazohudumia Nairobi, za mawakili kule Upper Hill na za mawakala wa forodha Industrial Area, hufanana kwa jambo moja: seva moja, folda ya pamoja ambayo kila mtu anaiona kama diski Z, na humo ndani faili za miaka na miaka. Hazifutwi, wala hazifai kufutwa kiholela, kwani Sheria ya Taratibu za Kodi ya 2015 inataka kumbukumbu za kodi zitunzwe miaka 5. Basi mhasibu akitafuta ankara moja tu, ule mstari wa kijani wa File Explorer unajikokota hadi anakata tamaa na kuanza kufungua folda moja moja kwa mkono.

Dawa yake ni faharasa, yaani orodha ya majina na maneno ya faili iliyoandaliwa mapema, kukaa pale pale faili zilipo, kwenye seva. Kompyuta ya mezani ikitafuta ndani ya diski Z isiyo na faharasa, hulazimika kuiomba seva orodha ya folda ya kwanza, isubiri jibu, iombe ya pili, hivyo hivyo hadi ya mwisho. Kila ombi huenda na kurudi, na kwenye Wi-Fi yenye msongamano huko kwenda na kurudi ndiko kunakokula muda. Seva ikiwa na faharasa, linakwenda swali moja na inarudi orodha ya majibu. Hata anayefanyia kazi nyumbani Rongai kupitia VPN (njia salama ya kuingia mtandao wa ofisi kupitia intaneti) hufaidika, maana faili haisafiri mpaka aifungue.

Hatua ya 1: Jua seva yako

Maelezo haya ni ya Windows. Ofisi ndogo mara nyingi hutumia kompyuta ya kawaida yenye Windows 10 au 11 Pro kama seva. Inafaa, ila hairuhusu zaidi ya vifaa 20 kuunganishwa nayo kwa wakati mmoja. Wenye NAS (kifaa cha kuhifadhi faili kwenye mtandao) ya Synology watumie Universal Search iliyotengenezewa vifaa hivyo.

Seva iwe kwenye UPS, betri inayoshika umeme ukikatika. Stima ikipotea wakati faharasa inaandikwa, inaweza kuharibika, na kuijenga upya kwenye diski iliyojaa ni kazi ya saa nyingi.

Hatua ya 2: Safisha ruhusa kwanza

Wengi huruka hatua hii, nami naiona kuwa nzito kuliko zote. Windows Search humwonyesha mtu faili zile tu anazoruhusiwa kuzifungua. Hilo ni jambo jema, lakini linategemea ruhusa zilizowekwa sawasawa. Nimekuta seva ambazo kila folda, pamoja na ya mishahara, imefunguliwa kwa kundi la Everyone kwa sababu siku ya kuiunganisha ndiyo ilikuwa njia rahisi. Siri hiyo ilikuwa ikilindwa na ugumu wa kutafuta tu. Ukiharakisha utafutaji bila kurekebisha ruhusa, mtu yeyote akiandika neno "mshahara" ataona ya wenzake wote.

Kwa hiyo pitia folda kuu moja baada ya nyingine. Bofya kitufe cha kulia, chagua Properties, kisha Security, na uondoe Everyone kwenye folda za wafanyakazi, mishahara, kesi na taarifa za matibabu. Toa ruhusa kwa makundi, kwa mfano "Uhasibu" au "Masijala", badala ya mtu mmoja mmoja. Tangu Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 ianze kutumika, kuacha taarifa za watu wazi ndani ya ofisi kunaweza kuiletea kampuni matatizo ya kisheria. Mweleze mwenye ofisi hivyo waziwazi, hata kama alikuita kwa sababu ya kasi peke yake.

Hatua ya 3: Washa Windows Search kwenye seva

Kwenye Windows Server, fungua PowerShell (dirisha la kuandika amri) kama msimamizi na uandike:

`Install-WindowsFeature Search-Service`

Kisha fungua `services.msc`, tafuta Windows Search na uiweke Automatic. Kwenye Windows 10 na 11 huduma hii tayari ipo.

Hatua ya 4: Ionyeshe folda

Ukiwa bado kwenye seva yenyewe, fungua Control Panel, halafu Indexing Options, ubofye Modify. Weka alama kwenye folda halisi, mfano `D:\Pamoja`, si kwenye diski Z. Ondoa alama kwenye folda za nakala rudufu, la sivyo kila jibu litajitokeza mara mbili au tatu na watu hawatajua lipi ndilo la sasa.

Ingia Advanced, kichupo cha File Types, uhakikishe PDF, DOCX na XLSX zimewekwa "Index Properties and File Contents". Bila hivyo utapata majina tu, si maneno yaliyomo ndani. Humo humo kwenye Advanced, kama diski C ni ndogo, hamishia faharasa kwenye diski nyingine. Microsoft inakadiria kwamba kwa kawaida faharasa huwa chini ya asilimia 10 ya ukubwa wa faili zenyewe.

Mimi huanzisha kazi hii Ijumaa jioni. Windows hupunguza kasi ya kujenga faharasa kompyuta inapotumiwa, kwa hiyo wikendi tulivu inasaidia sana.

Hatua ya 5: Zipe maandishi nyaraka zilizoskaniwa

Mkataba uliopitishwa kwenye skana ni picha tu. Faharasa haioni hata neno moja ndani yake, na ofisi za mawakili na forodha zimejaa nyaraka za namna hiyo. Tumia OCRmyPDF, programu ya bure inayotegemea Tesseract, injini ya kusoma maandishi kwenye picha, ambayo ina data ya Kiswahili na ya Kiingereza pia:

`ocrmypdf -l eng+swa --skip-text --rotate-pages asili.pdf mpya.pdf`

Sehemu ya `--skip-text` huziacha kurasa ambazo tayari zina maandishi. Hifadhi faili asilia mpaka uhakiki ile mpya, na usiguse kabisa PDF zenye saini ya kidijitali, kwa kuwa badiliko lolote huibatilisha saini hiyo. Anza na miaka miwili ya karibuni. Ya zamani iendelee taratibu usiku.

Hatua ya 6: Everything, kwa wanaotafuta majina siku nzima

Karani wa masijala kwa kawaida hutafuta jina la faili, si maneno ya ndani. Kwake Everything, programu ya kutafuta majina ya faili, haina mpinzani. Kwenye diski ya NTFS (mpangilio wa kawaida wa diski za Windows) inasoma jedwali kuu la faili moja kwa moja, na watengenezaji wake wanasema faili 1,000,000 huorodheshwa kwa takriban dakika moja. Isakinishe kwenye seva, washa ETP Server (sehemu inayoziruhusu kompyuta nyingine kutafuta kwenye seva) ndani ya Options, weka jina na nywila, kisha kwenye kompyuta ya karani chagua Connect to ETP Server.

Tahadhari: njia hii haifuati ruhusa za Windows. Aliyeunganishwa huona majina yote yaliyoorodheshwa, na jina kama "Barua ya kuachishwa kazi" linatosha kuzua balaa. Ziondoe folda za siri kupitia kipengele cha Exclude, mpe karani peke yake nywila hiyo, na usifungue mlango (port) wa ETP Server kwenye intaneti kwani mawasiliano yake hayafichwi.

Hatua ya 7: Jaribu ukiwa na akaunti ya mwenye cheo cha chini kabisa ofisini

Ingia kama mfanyakazi huyo, fungua diski Z, tafuta neno unalojua liko ndani ya waraka fulani. Majibu yaje ndani ya sekunde chache. Halafu tafuta "mshahara". Chochote kikitokea, rudi hatua ya 2.

Wafundishe watu mambo matatu: alama za nukuu kwa jina kamili, `ext:pdf` kwa aina ya faili, na `ankara OR invoice` kwa ofisi ambayo faili zake zimeandikwa kwa lugha mbili.

Mstari wa kijani ukiendelea kujikokota, angalia kwanza kama Indexing Options kwenye seva inasema "Indexing complete". Kama bado, subiri. Kama tayari, hakikisha huduma ya Windows Search inafanya kazi pande zote mbili, na kwamba folda unayotafuta ndani yake imewekwa alama. Kitufe cha Rebuild kiwe cha mwisho, maana hufuta faharasa yote na kuanza upya. Kikihitajika, kisubiri Ijumaa.