Soma kifungu kimoja, kisha kaa nacho

Kama kusoma mafundisho ya Buddha kunakula muda wako wa kutafakari, jaribu hivi: kabla ya kukaa kutafakari, soma kifungu kimoja tu chenye maelekezo, funga kitabu, ukifanyie kazi papo hapo. Anapanasati Sutta, kwa mfano, yaani fundisho la Buddha kuhusu pumzi, ina hatua 16 za kuzingatia pumzi. Chukua ya kwanza, kutambua pumzi ndefu kuwa ni ndefu, uishie hapo. Ukimaliza kukaa, kisome tena kifungu kile kile. Usomaji huu wa pili ndio ninaoupenda zaidi, maana maneno yanakutana na kitu ulichokwisha kukihisi mwilini. Ila vifungu vya nadharia, kama vile viungo 12 vya kutokea kwa kutegemeana (maelezo ya jinsi mateso yanavyozuka, jambo moja likitegemea jingine), havifai hapa: akili huanza kuchambua badala ya kutulia. Hivyo visome wakati mwingine, kalamu mkononi.