Kabla hujasaini na kampuni ya malori Marekani, soma kwanza namba ya mlangoni

Wadau mnaotafuta kazi ya lori huku Marekani, na nyie mnaotaka kuhamisha vyombo kutoka steti moja kwenda nyingine, hii kitu haizidi dakika 10 na ni bure, sema wengi tunaifanya tukishaumia. Mimi kampuni yangu ya kwanza niliingia sababu jamaa kwenye simu alikuwa na maneno matamu, gari jipya, maili kibao, hela kila Ijumaa, nikaenda nikakabidhiwa trela breki zimekwisha na wiki ya pili tu nikasimamishwa kwenye mizani, gari likawekwa chini, yaani likazuiwa kutembea mpaka litengenezwe, nikalala hapohapo. Rekodi yao ilikuwa wazi mtandaoni muda wote, ni vile tu sikuangalia.

Anza na namba, usianze na jina. Majina ya hizi kampuni yanafanana mno, ukitafuta kwa jina utaletewa kampuni 15 na utachagua isiyo yenyewe. Gari la biashara linalovuka mpaka wa steti likiwa na uzito wa kuanzia pauni 10,001, kampuni yake lazima iwe na namba ya USDOT, yaani namba ya usajili ya wizara ya usafirishaji ya Marekani, na hiyo namba pamoja na jina vinaandikwa ubavuni pande zote mbili, kwa herufi zinazosomeka mchana ukiwa futi 50. Kwa hiyo ukienda kuona gari piga picha mlango, halafu weka hiyo picha pembeni ya mkataba ulinganishe. Jina la mlangoni na la kwenye mkataba yakitofautiana uliza kwa nini, na usikubali jibu la "ni kampuni zetu zote hizo".

Kuna na namba ya MC, hiyo ni ya kibali cha kubeba mizigo, watu wanazichanganya sana hizi mbili. USDOT ni kama kitambulisho tu. Kubeba mzigo wa watu kwa malipo kati ya steti na steti kunataka kibali chake, na kampuni inaweza kuwa na kitambulisho safi kabisa huku kibali haina.

Sasa ingia safer.fmcsa.dot.gov, hiyo ni ya FMCSA, mamlaka ya serikali kuu inayosimamia malori na mabasi tangu mwaka 2000. Bonyeza Company Snapshot, weka namba. Hulipii kitu, ukiombwa kadi ya benki ujue umepotea njia, toka.

Kitu cha kwanza angalia hali ya kampuni. Ukikuta OUT-OF-SERVICE maana yake imepigwa marufuku kutembea, na NOT AUTHORIZED maana yake kibali cha kubeba kwa malipo hakuna, funga ukurasa endelea na maisha yako. Kwa wanaohama nyumba, angalia pia aina ya kampuni, ikiandikwa BROKER peke yake huyo hana lori, ni dalali, anachukua kazi yako anampa mtu mwingine usiyemjua.

Halafu teremka kwenye idadi ya magari, madereva na maili, hapa ndo mimi napapenda kuliko pote. Chukua maili zote gawanya kwa idadi ya magari. Tuseme kampuni ina magari 10 na imejaza maili milioni 2 kwa mwaka, hiyo ni maili 200,000 kwa gari, ukigawa kwa siku 365 unapata karibu 548 kila siku ya Mungu, Krismasi ikiwemo. Dereva mmoja kisheria anaendesha masaa 11 tu kabla hajapumzika masaa 10 mfululizo, na akifikisha masaa 70 ya kazi ndani ya siku 8 haruhusiwi kuendesha tena mpaka masaa yarudi, hizo maili atazitoa wapi? Labda wanaendesha wawili wawili, labda fomu imejazwa ovyo, labda mnalazimishwa kuchezea logi, yaani rekodi ya masaa ya dereva. Waulize. Ila kabla hujawashtua angalia tarehe ya fomu ya MCS-150, ndiyo hiyo kampuni inajazia magari na maili zake, inatakiwa kufanywa upya kila baada ya miaka 2, na ikiwa ya zamani basi hata hayo magari 10 yanaweza kuwa yalishauzwa.

Chini kuna ukaguzi wa miezi 24 na asilimia ya magari na madereva waliowekwa chini, na pembeni wamekuwekea wastani wa nchi nzima. Kwa magari wastani unachezea kama moja kati ya matano, kwa madereva ni mdogo zaidi. Kampuni iliyokaguliwa mara 60 na magari yake 27 yakawekwa chini hiyo ni 45%, hapo hakuna cha bahati mbaya, gereji yao imekufa. Lakini kampuni iliyokaguliwa mara 2 na gari moja likakamatwa itaonyesha 50%, na hiyo usiihukumu, inaweza kuwa taa moja tu. Ajali nazo zinaandikwa bila kusema nani mkosaji, hata ukigongwa umesimama kwenye taa nyekundu inahesabika, kwa hiyo soma idadi ya ajali ukiilinganisha na ukubwa wa kampuni.

Kuhusu daraja la usalama, Satisfactory ni nzuri, Conditional ina kasoro, Unsatisfactory kimbia. Nyingi hazina daraja lolote, si dhambi, hawajafanyiwa ukaguzi mkubwa tu. Na daraja la 2009 halikwambii chochote kuhusu magari ya leo.

Bima usiache. Kwenye ukurasa wa leseni na bima wa FMCSA utaona kama ipo hai, na kwa lori kubwa la mizigo ya kawaida kima cha chini ni dola 750,000. Hapohapo kuna historia ya kibali, lini kilitolewa na lini kilifutwa, na hapo ndo unawanasa wale wanaofunga kampuni yenye rekodi chafu wakafungua nyingine na namba mpya. Namba ya USDOT ikiwa kubwa sana ujue kampuni ni changa, sasa mtu anakwambia wapo kazini miaka 20 na namba ni ya juzi, chukua anwani na simu yao utafute mtandaoni uone kama zilitumiwa na kampuni nyingine iliyofungwa.

Mimi siku hizi nikipigiwa simu na mtu wa kuajiri, kabla hajafika kwenye habari za mshahara namwambia nipe kwanza USDOT. Wengine wanakata simu.