Anza na Miguu, Sigara Ifuate: Nilivyoitunza Tezi Dume Hapa Kirumba

Nimenunua na kuuza dagaa Mwaloni, soko la samaki la hapa Kirumba, Mwanza, kwa miaka 26, na sigara nilianza kabla ya dagaa. Anayepokea mitumbwi alfajiri anajua: baridi ya ziwa, kungoja kwingi, kiberiti kinapita mkono kwa mkono. Nilipotimiza miaka 57 nikawa naamka kukojoa mara nne, mara tano kwa usiku. Nasimama chooni, mkojo hautoki. Ukitoka unadondoka kama bomba la mtaa siku ya mgawo. Nikirudi kitandani, kibofu bado kizito. Mke wangu akaniambia, "Baba Neema, huu si uzee tu. Nenda ukapimwe."

Nikaenda. Tezi dume ilikuwa imekua, saratani haikuonekana. Wewe nawe anzia hapo, maana dalili za kukua kwa tezi na za saratani zinafanana na huwezi kuzitofautisha ukiwa nyumbani. Siku tatu kabla ya kwenda, weka jagi la plastiki chooni, uandike saa uliyokojoa na kiasi kilichotoka. Karatasi hiyo ilimsaidia daktari kuliko maelezo yangu yote. Ukiona damu kwenye mkojo, au mkojo ukigoma kabisa, usingoje siku tatu. Nenda saa hiyohiyo.

Tezi hii iko chini ya kibofu na imeizunguka njia ya mkojo, ndiyo maana ikikua inabana. Kukua kwake huja na umri. Sigara je? Kwa saratani ya mapafu hakuna ubishi kwamba sigara inaisababisha. Kwa tezi dume, madhara yanaonekana zaidi kwa aliyekwisha kupata saratani. Utafiti wa Marekani uliotoka mwaka 2011 ulifuatilia wanaume 5,366 wenye saratani ya tezi dume: waliokuwa wanavuta walipogunduliwa walikuwa na hatari ya kufa kwa saratani hiyo kubwa kwa asilimia 61 kuliko wasiowahi kuvuta. Waliokuwa wameacha kwa miaka 10 au zaidi, hatari yao ilikaribiana na ya wasiowahi kuvuta. Hapo ndipo nilipopata moyo. Tena moshi huo huleta saratani ya kibofu, jirani wa tezi, jambo ambalo wengi wetu pale Mwaloni hatukuwahi kulisikia.

Sasa kazi yenyewe. Wengi huacha sigara kwanza, mazoezi wanasema yatakuja. Mimi nakushauri utangulize miguu kwa wiki mbili. Hamu ya sigara ikikubana inadumu dakika chache tu, lakini dakika hizo zinataka pa kwenda, na mtu aliyezoea kutembea tayari anapo.

Siku ya kwanza nilitembea dakika 10 nikahema. Leo natoka Kirumba, napita daraja la Furahisha, mpaka naliona Jiwe la Bismarck, dakika 35, siku tano kwa wiki. Shirika la Afya Duniani linataka angalau dakika 150 kwa wiki, kwa hiyo natosheka. Mwendo uwe wa kuharakisha pumzi. Mtu akikusalimia "Mwangaluka" ukamwitikia bila shida, lakini wimbo ukakushinda, huo ndio mwendo. Shika upande wa kulia uyaone magari yanayokuja. Kifua kikibana, simama, na usiendelee mpaka daktari akuone.

Halafu panga siku ya kuacha na uwaambie unaovuta nao. Mimi niliwaambia vijana wa karabai, wanaovua dagaa usiku kwa taa: msinipe hata nikiomba. Mtego mkubwa ni dukani, sigara za mojamoja. Hununui pakiti, unajiona umepunguza, kumbe umerudi kila baada ya saa moja. Nilianguka hivyo mara mbili. Mara ya tatu nilibadilisha njia ya kurudi nyumbani nisipite duka lile, nikaweka karanga kwenye mfuko wa shati palipokuwa pakiti. Vidole vilikuwa vinaingia humo vyenyewe, vikakuta karanga. Siku tano za mwanzo ni ngumu, utakuwa mkali. Waombe radhi wa nyumbani mapema. Baada ya wiki tatu nilianza kusikia harufu ya sato anayekaangwa kwa jirani.

Chai na kahawa ya kijiweni nimezisogeza asubuhi, na maji nakunywa zaidi mchana kuliko usiku. Dawa nilizopewa nazimeza mpaka leo, kwa hiyo sisemi kwamba kutembea peke yake kumeniponya. Naamka mara mbili sasa, mara nyingine moja. Na ukipata mafua, mwambie muuza dawa kwamba tezi dume yako imekua, kwa sababu baadhi ya vidonge vya kuzibua pua vinaweza kufunga mkojo.

Ukiandikiwa PSA, kipimo cha damu cha kuchunguza tezi dume, kaa siku mbili bila kulala na mkeo na bila kupanda baiskeli, maana vyote viwili vinaweza kupandisha namba ukaogopa bure. Sisi wa dagaa tunaishi juu ya baiskeli, kwa hiyo siku hizo mbili mpe kijana mzigo.